Dada Aliyetuchagulia Riwaya

Kabla hajamchagulia mtu riwaya, dada alimuuliza kwanza amelalaje. Haikuwa salamu tu, alitaka jibu. Akiambiwa "salama" alinyamaza, akamtazama mtu usoni mpaka aseme kweli: kwamba mtoto amelia usiku kucha, au kwamba siku hizi usingizi unakatika na haurudi tena, au kwamba amelala vizuri, hana neno, anatafuta tu kitu cha kumchekesha. Hapo ndipo aliponyanyuka kwenye kiti chake na kwenda rafuni. Aliniambia mtu asiyelala hapewi kitabu kinene, maana atakiona kama adhabu.

Namwita dada kwa sababu ndivyo nilivyomwita miaka yote tuliyofanya kazi pamoja katika maktaba ndogo ya Manyoni, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Siku niliyoripoti kazini nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, halafu akasema, "Hapa niite dada. Akina mama ni wengi, wakiitwa wote wataitika." Alikuwa Mnyaturu wa upande wa Ikungi aliyeolewa Manyoni. Mume wake alishatangulia, na hawakujaliwa mtoto. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya reli.

Maktaba yetu ni chumba kimoja kikubwa chenye paa la bati linalolia upepo ukivuma, na Manyoni upepo haukosi. Wengi wanaokuja wanatafuta vitabu vya shule na mitihani ya miaka iliyopita. Wengine wanakuja kusoma magazeti, wengine kuchaji simu, na hatuwafukuzi. Nilipofika niliambiwa riwaya zilikuwa nyuma kabisa, zimefichwa na makamusi na ensaiklopidia ambazo hazijafunguliwa tangu zipokelewe. Dada ndiye aliyezitoa huko, akazipanga kwenye rafu iliyo karibu na mlango, ili anayeingia asiweze kuzipita bila kuziona. Hakuna aliyemtuma. Kila kitabu alichokipenda alikichomekea kipande cha karatasi chenye mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Kimoja kilisema: "Hii iliniunguzia maharage." Kingine: "Kwa kijana anayedhani wazazi wake hawakuwahi kuwa vijana." Kingine: "Usianze ukiwa na njaa, wanakula sana humu."

Na mimi alinitaka niandike vya kwangu. Nilichukua riwaya niliyoimaliza wiki ile, nikaandika, "Ni nzuri sana." Akakisoma, akakichomoa.

"Hata sabuni ni nzuri," akasema. "Sema ilikufanya nini."

Sikujua ilinifanya nini. Nilikaa nalo swali hilo siku nzima, na nadhani ndipo nilipoanza kusoma kwa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa namaliza vitabu tu.

Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuja kila asubuhi amevaa kofia yake nyeupe iliyofuliwa vizuri. Alisoma magazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo, kisha akayakunja na kuondoka. Dada alimwandama kwa muda mrefu.

"Mzee wangu, leo nikupe riwaya?"

"Riwaya ni uongo, mama. Mimi umri wangu huu nisome uongo?"

"Na hayo magazeti?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Siku hiyo aliondoka na riwaya ya ndugu wawili waliogombania kisima. Aliifunga ndani ya gazeti kuukuu alilomwomba dada, wenzake wa barazani wasimwone. Alipoirudisha aliiweka kaunta bila hata kusalimia vizuri, akasema, "Yule mdogo mtu ana makosa."

"Na mkubwa je?" dada akauliza.

"Mkubwa ana kiburi. Kiburi siyo kosa."

"Kiburi siyo kosa, mzee?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Toka siku hiyo mzee hakufungua gazeti kabla ya kupita kwenye rafu ya mlangoni. Mara kwa mara nilimsikia akiwaeleza wenzake wa magazeti habari za yule mdogo mtu na kile kisima, kana kwamba ni majirani zake.

Yule binti alikuja wakati wa kiangazi, vumbi likiwa limejaa hadi kwenye kurasa. Alikuwa kidato cha tatu, amevaa sare ya shule, sweta limefungwa kiunoni. Mama yake alikuwa amefariki miezi michache kabla, na sasa alikaa kwa shangazi yake karibu na soko. Hayo tuliyajua baadaye. Siku ile alisimama mbele ya rafu, akasoma vikaratasi vyote bila kugusa kitabu hata kimoja, kisha akaja kaunta.

"Shikamooni."

"Marahaba, binti yangu. Umelalaje?"

"Silali," akasema. Alisema kama mtu anayetaja kijiji anachotoka. Kisha akauliza, "Mna riwaya ambayo hakuna anayekufa?"

Nilitaka kutabasamu, nikamwona dada hatabasamu. Alimuuliza tu kama angeweza kurudi Ijumaa. Binti akakubali, akaondoka.

Jioni ile baada ya kufunga tulipitia riwaya zetu zote. Nilivuta moja, dada akatikisa kichwa: babu anakufa mwanzoni kabisa. Nikavuta ya mapenzi, nikamwambia hii haina neno, wanaoana. "Wanaoana," akasema, "lakini kaka yake bwana harusi anagongwa na lori." Sikuwa nimewahi kuona jinsi watu wengi wanavyokufa katika rafu yetu. Mwisho ikabaki moja, ya ukoo wa warina asali na ugomvi wao wa mizinga. Wote wawili tulikumbuka kwamba wanamaliza wakiwa hai. Dada alikwenda nayo nyumbani kuhakikisha. Asubuhi alifika na uso wa mtu aliyeleta habari mbaya.

"Kuna mbuzi," akasema.

"Anakufa?"

"Anachinjwa. Ni sikukuu."

"Dada, mbuzi siyo mtu."

"Sijui yeye atahesabuje."

Kwa hiyo Ijumaa tulimwambia binti ukweli wote, pamoja na habari za mbuzi. Alifikiri, akaangalia jalada, akafikiri tena. "Mbuzi sawa," akasema.

Aliirudisha baada ya wiki. Dada akamuuliza ameionaje.

"Nzuri. Ni kweli hakuna aliyekufa." Alikuwa anazungusha kitabu juu ya kaunta kwa kidole. "Lakini wanaongea kama watu ambao hawajawahi kufiwa."

Akakisukuma kitabu kwa dada.

"Sasa nipeni ya mama anayekufa. Nataka kuona watoto wake wanafanyaje kesho yake."

Dada hakwenda rafuni. Aliinama kwenye mkoba wake, akatoa kitabu chake mwenyewe, kilichoshonwa upya mgongoni kwa uzi wa viatu. Nilikijua. Alikisoma kila mwaka, na hakuwa amewahi kukiweka kwenye rafu ya watu. Akampa, lakini hakukiachia mara moja.

"Anakufa katikati," akasema. "Ukifika pale usisome nyumbani peke yako. Njoo usomee hapa."

Binti alikuja siku ya nne au ya tano, akakaa kwenye benchi la ukutani. Dada alichukua kiti chake na rundo la vitabu vilivyohitaji kubandikwa lebo, akaenda kukaa karibu naye. Hakumgusa wala hakumsemesha. Nilikuwa kaunta nawahudumia watu, lakini niliona pale machozi yalipoanza, na niliona kwamba mikono ya dada iliendelea na lebo zake polepole, kama mama anayechambua mchele huku mtoto anacheza miguuni. Muda mrefu ulipita. Kisha binti akasema, bila kuinua kichwa, "Huyu mkubwa ametia chumvi kwenye mboga mara mbili."

"Ndiyo."

"Na mimi nilifanya hivyo."

"Na mimi," dada akasema. "Nilikuwa na umri kama wako."

Basi, yalikuwa hayo tu. Siku zile dada alikuwa na nguvu zake zote, nami nilidhani nina miaka mingi ya kujifunza kwake.

Ilikuwa mwezi wa Julai wa mwaka uliofuata, wakati ambapo Manyoni watu wanavaa makoti mpaka saa sita mchana. Mzee wa reli alikuwa amekuja kutaka kitabu kingine. Dada alisimama mbele ya rafu, akavuta kimoja, akamgeukia.

"Hii, mzee wangu, utaipenda, ni ya kwenu kabisa. Kuna mwanamke anauza maandazi stesheni. Kila treni ikifika anasimama mlangoni pa behewa la daraja la tatu, kwa sababu anamsubiri sufuria."

Tulicheka. Tulidhani anatania. Yeye hakucheka. Alikunja uso, akajaribu tena: "Anamsubiri... anamsubiri kesho... sufuria..." Kisha zikatoka sauti ambazo hazikuwa maneno. Kitabu kikamponyoka mkononi, na mkono wenyewe ukabaki unaning'inia. Mzee ndiye aliyeona kwanza. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mdomo wake, mwanangu. Angalia mdomo wake."

Tulimshika huku na huku tukamkalisha, mlinzi akakimbia kutafuta bajaji. Mzee alipanda nasi mpaka hospitali, ameshika viatu vya dada mapajani, maana vilikuwa vimemtoka tukimbeba. Njiani dada alikuwa ananitazama. Alikuwa anajua kila kitu kinachotokea. Ningependa kusema kwamba alikuwa hajui, lakini alijua.

Kilikuwa kiharusi. Walimhamishia Dodoma siku hiyo hiyo, akakaa huko kwa majuma kadhaa. Nilipokwenda kumwona, daktari mmoja kijana alinichukua pembeni, akanieleza kwa upole. Alisema sehemu ya ubongo inayoshika maneno imeumia. Mnachosema anakielewa, au sehemu kubwa anaielewa, lakini yeye mwenyewe akitafuta neno halipati. Na maandishi, akasema, yatakuwa magumu. Anayaona, lakini hayamwambii kitu.

"Anafanya kazi gani?" akaniuliza.

Nilimwambia. Akasema wakati mwingine kunakuwa na nafuu.

Aliporudi Manyoni, mdogo wake alikuja kutoka Ikungi kumuuguza. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kicheko cha ghafla, aliyeacha shamba lake la alizeti mikononi mwa wanawe na kuja na kanga zake mbili na kuku wake watatu. Yeye ndiye aliyenieleza jambo ambalo sikulielewa. Dada alikuwa akisema maneno machache, yale yale, mara nyingi jioni, kwa sauti ya kubembeleza. Mimi ni Mgogo, Kinyaturu sikijui. Nilidhani ni maumivu.

"Anaita kuku," mdogo wake akaniambia. "Hivyo ndivyo mama yetu alivyokuwa anawaita kuku waingie ndani jua likizama." Akafuta macho kwa pindo la kanga. "Tangu aolewe huku nikimpigia simu ananijibu Kiswahili. Leo lugha hiyo ya mama ndiyo imebaki peke yake."

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na kitabu. Nilichukua kile chake, kilichoshonwa mgongoni; binti alishakirudisha, na kilikuwa kimebaki maktaba. Nilikuwa nimefikiri njia nzima kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, basi na mimi nitamsomea. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, nikaanza. Sikufika mbali. Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amechoka, nikapunguza sauti, nikaendelea. Akanyoosha mkono wa kushoto, akakisukuma kitabu kikaanguka sakafuni.

Nilijaribu tena wiki iliyofuata kwa riwaya nyingine, ya kuchekesha. Safari hii hakusukuma. Alilia tu, mdomo umefungwa, na machozi yakashuka upande mmoja wa uso kuliko mwingine. Mdogo wake alinisindikiza hadi nje, akaniomba nisilete tena vitabu. Alisema nikishaondoka analia mpaka anasinzia. Nilirudi nyumbani kwa miguu kando ya reli, nimekumbatia kile kitabu, nimevunjika moyo. Nilikuwa nimekwenda kumpa kitu anachokipenda kuliko vyote, nikawa namwonyesha kilichopotea.

Kwa hiyo Jumamosi ya tatu nilikwenda mikono mitupu, na kwa kukosa la kusema nikaanza kusema habari za kazini. Nilimwambia mwalimu fulani wa sekondari amekuja, amekaa muda mrefu mbele ya rafu, ameondoka bila kitu. Nikamwambia mama mmoja muuza vitenge amerudisha ile ya mapacha na kudai mwisho wake umemwudhi. Nikainua macho, nikaona dada amegeuka mzima kuniangalia. Alinyanyua mkono wa kushoto, akaufungua na kuufunga, kama mtu anayesema lete, endelea.

"Huyu mama wa vitenge?"

Akaufungua tena.

"Kama nilimpa nyingine?"

Akanitazama tu. Hapo nikaelewa alichokuwa anauliza. Alikuwa anataka kujua nilimpa ipi. Nikamtajia. Akatoa sauti puani, sauti ile ile ya dharau aliyoitoa aliposoma kikaratasi changu cha kwanza. Nilicheka na kulia pamoja, na mdogo wake akatoka jikoni mbio kuona kuna nini.

Toka siku hiyo nilibeba vitabu tena, lakini havikuwa vya kusomwa. Nilibeba viwili viwili. Nilimweleza habari za msomaji: kijana wa bodaboda aliyeachwa na mchumba wake; muuguzi anayefanya zamu za usiku; baba anayetaka kusoma kitabu kimoja na binti yake wapate la kuongea. Nilieleza walivyolala, maana nilikuwa nimeshajifunza kuuliza. Kisha niliviweka vitabu juu ya shuka, kimoja huku, kingine huku, na dada alivitazama. Maandishi hayakumwambia kitu, lakini majalada aliyajua kwa rangi na kwa uchakavu wake. Aligusa kimoja. Jumatatu nilimpa msomaji kile kilichoguswa. Wasomaji hawakujua. Nilisema tu, "Dada anasema jaribu hiki," na wao walidhani ananipigia simu.

Binti naye alikuja mara kwa mara. Alikuwa kidato cha nne wakati ule, na mitihani ilikuwa inakaribia, lakini alipita Jumapili baada ya ibada, akakaa pale kwenye kigoda na kusimulia alichosoma. Alisimulia vibaya, kwa kurukaruka, akisahau kusema nani ni nani, na dada alimsikiliza amefumba macho. Mzee wa reli pia alikuja. Hakusimulia chochote. Alikaa kwenye mlango, kofia juu ya goti, akaulizia hali, akanywa chai, akaondoka. Siku moja alileta gazeti akalisahau juu ya kiti, na sijui kama alilisahau kweli.

Niliweka matumaini. Mkono wa kulia ulianza kukunjika kidogo kwenye mazoezi. Kuna siku alisema "hiki" waziwazi, kwa Kiswahili, akiwa amegusa kitabu, na mdogo wake alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia ukutani.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo niliweka vitabu viwili juu ya shuka, nikaeleza habari za msomaji, na dada hakugusa kimoja. Aliviangalia kama mtu anavyoangalia vyombo vya nyumba ya wageni. Nikasema labda sikueleza vizuri, nikaeleza upya. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akauacha hapo. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Tulitazamana.

Alipata kiharusi cha pili siku chache baadaye, alfajiri, na hakufika hospitali.

Tulimzika kwao, upande wa Ikungi, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha na mawe makubwa ya kule yakiwa bado yana maji. Tulikwenda na gari la kuazima, mimi, mlinzi wa maktaba, mzee na binti, ambaye shangazi yake alimruhusu kwa kuwa mitihani ilikuwa imekwisha. Kanisa dogo lilijaa. Ukasomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa hapa, akasoma pale, akaolewa, akafiwa na mume, akafanya kazi maktaba, akaugua, akafa. Habari za maktaba zilikuwa sentensi moja, kati ya ndoa na ugonjwa. Aliyeandika hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ndugu wa mbali, ameandika alichoambiwa. Lakini binti alinishika kiwiko kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Hawajasema," akaninong'oneza. "Hawajasema alikuwa anatuchagulia."

"Sisi tunajua."

"Haitoshi," akasema.

Sikumbishia, kwa sababu nilikuwa nafikiri hivyo hivyo. Ningeweza kuyasema mwenyewe. Walitoa nafasi, wakauliza kama kuna mtu kutoka kazini. Nilisimama, nikashukuru familia, nikasema alikuwa mchapakazi, nikakaa. Ni maneno ambayo mtu yeyote angeweza kusema juu ya mtu yeyote. Yale mengine hayakutoka, na kwa mara ya kwanza nikaonja kidogo kile alichokionja yeye.

Tukiwa njiani kurudi, mzee aliyekuwa kimya toka asubuhi akanigeukia.

"Yule mwanamke wa maandazi," akasema. "Pale stesheni. Alikuwa anamsubiri nani?"

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikakumbuka: hakuna aliyemmalizia ile sentensi.

"Mdogo wake, mzee. Aliondoka utotoni akaahidi kurudi kwa treni."

"Akarudi?"

"Nitakuletea kitabu usome mwenyewe."

"Hapana. Sitaweza kukishika kile. Niambie tu."

Nikamwambia hakurudi. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaangalia nje mpaka tunaingia Manyoni.

Binti alifaulu, akapangiwa shule ya mbali kwa kidato cha tano. Alikuja kuniaga, akachukua vitabu viwili, na kile kilichoshonwa uzi wa viatu mdogo wake dada alishampa kiwe chake. Mzee macho yake yameingia mtoto wa jicho. Anakuja bado, lakini anakaa tu na wenzake wamsomee magazeti. Kiti cha dada kimekaliwa na kijana aliyehitimu chuo, mwenye adabu, anayepanga vitabu kwa namba na haraka kuliko tulivyowahi kupanga sisi. Rafu ya mlangoni amekubali ibaki. Vikaratasi vingi vimefifia kwa jua, na baadhi siwezi tena kuvisoma. Sijathubutu kuviandika upya kwa mwandiko wangu.

Wiki mbili zilizopita aliingia mwanamke ambaye sikumjua, mshonaji kutoka Itigi, na mtoto mgongoni. Alikuwa na riwaya yetu kwenye mfuko wa plastiki. Aliniambia aliiazima zamani, kisha akapata ujauzito wenye matatizo, akalazwa, akahamia kwa mama yake, kitabu kikabaki kwenye sanduku. Aliomba radhi sana. Kisha akachungulia nyuma yangu.

"Yule mama yupo? Aliniambia nikiimaliza nije nimwambie nimemwonaje yule dereva. Nimeimaliza juzi nikinyonyesha."

Nikamwambia. Alibaki amesimama, mkono mmoja ukimpigapiga mtoto mgongoni, ingawa mtoto alikuwa amelala. Akasema pole, nami nikasema asante, tumeshapoa, kama inavyosemwa. Nilidhani ataondoka. Badala yake alivuta kiti.

"Basi nikwambie wewe," akasema.

Akanisimulia riwaya nzima. Naijua ile riwaya, nimeisoma zaidi ya mara moja, na nyuma yake kulikuwa na wanafunzi wawili wanasubiri. Yule kijana mwenzangu akawahudumia bila kuambiwa. Nilimsikiliza mshonaji mpaka mwisho. Alisema yule dereva alimchukia kurasa zote, na alipofika mwisho alimwonea huruma, na sasa hajui amchukie au amhurumie.

"Yeye angesemaje?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema. Ilikuwa kweli, na iliniuma kuisema.

Akainuka, akajifunga mbeleko vizuri. "Sasa wa kunichagulia kingine ni nani?"

Nikasema ni mimi. Nikaenda rafuni, nikasimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyopasa, nikavuta kimoja, nikakirudisha, nikavuta kingine. Nilimpa nikamwambia sina hakika kama atakipenda. Akakiweka kwenye mfuko, akashukuru, akatoka kwenda kuwahi gari la Itigi.

Bado hajarudi.